Simpendi Diamond, simpendi Kiba, na sina wivu na mtu. Acheni kutuziba midomo

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Nchi hii unaruhusiwa kumsema kocha wa Taifa Stars mpaka usiku wa manane, unaruhusiwa kumsema waziri, mbunge na refa, lakini ukisema huupendi muziki wa Diamond Platnumz unageuka mchawi papo hapo. Una wivu. Una roho mbaya. Umetumwa. Ukisema hukutumwa na mtu, swali linalofuata ni lile lile la kila siku: kwa hiyo wewe ni Timu Kiba?

Hapana. Alikiba naye simsikilizi. Nikisema hivyo watu wanachanganyikiwa kabisa, kwa sababu kwao muziki wa Bongo ni Simba na Yanga, lazima uwe na upande. Sina upande. Nina masikio.

Nianze na Kiba, maana habari yake ni fupi. Sauti anayo, sijawahi kukataa. "Mwana" ya 2014 ni wimbo mzuri kwa sababu una kisa ndani yake, una mtoto aliyetoka kwao, una mji uliompoteza. Ilipotoka Only One King mwaka 2021 niliisikiliza yote, nyimbo kumi na sita, na wageni wake wote akina Sarkodie, Sauti Sol na Nyashinski. Nikamaliza bila kubaki na kitu. Sauti tamu, melodi inashukia pale pale, na mapenzi yasiyo na mtu ndani yake. Huyo mwanamke anayeimbiwa hana jina, hana mtaa, hawajagombana, hawajapatana. Mnisamehe, mimi hilo halinitoshi, hata liimbwe na sauti ya malaika.

Diamond ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu yeye ni mtunzi na ameshatuonyesha kwamba anaweza. Mwaka 2010 nchi nzima ilikuwa inaimba "Kamwambie". Halafu kuna "Nitarejea" aliyoimba na Hawa, kijana anaaga kwao anakwenda mjini kutafuta maisha na anayebaki anamjibu. Ule ni wimbo wa watu wawili wanaozungumza, unawaona kabisa wamesimama. "Utanipenda" ya 2015 inauliza swali ambalo kila mwenye pesa analiogopa: siku vikiisha, utabaki? Mtu aliyeandika vitu hivyo, leo nafungua wimbo wake mpya nakuta dakika tatu za mdundo wa log drum, lile besi la amapiano ya Afrika Kusini, neno moja linarudiwa mpaka linachakaa, halafu inakuja staili ya kucheza ili watu wajirekodi TikTok. "Komasava" ni salamu. Wimbo mzima unazunguka salamu za lugha mbalimbali! Mwaka 2024 ukafanyiwa rimiksi na Jason Derulo na mkapagawa nchi nzima. Mimi nimeusikiliza, nimeurudia, nimevaa earphone nikatulia nao nisije nikaonekana namwonea mtu. Baada ya salamu hakuna mazungumzo.

Na msiniambie ni muziki wa kuchezeka tu, nisitafute maneno. Nacheza sana. Singeli ni ya kuchezeka na inakwenda kasi ya zaidi ya midundo 200 kwa dakika, na bado Msaga Sumu ana cha kukueleza kuhusu mtaa wake.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Majuzi kwenye grupu la familia la WhatsApp mtu kaweka video ya wimbo mpya, watu wakaanza kumwaga makopakopa. Nikaandika sentensi moja tu: "Mimi huu wimbo sijauelewa, mashairi hayapo." Basi. Sikumtukana mtu, sikugusa wanawake zake wala watoto wake. Binamu yangu akanijibu kwa herufi kubwa kwamba watu kama mimi ndio tunaorudisha ukoo nyuma. Mwingine akaandika "HATERS WATASEMA" na vile vimoto. Usiku shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi mtoto wa watu kakukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea, nazungumzia wimbo. Akasema, "Ndiyo wivu unavyoanzaga hivyo hivyo. Mwenzio kapambana kutoka Tandale huko, Mungu kamfungulia. Muombee, na wewe utafunguliwa."

Nilikasirika mpaka nikakosa la kumjibu, na yule ni dada yake baba, siwezi kumpandishia sauti. Lakini huyo huyo shangazi akiuziwa kitenge kinachochuja rangi anakirudisha dukani na maneno juu, na sijawahi kusikia muuza duka anamuuliza yeye ana viwanda vingapi vya vitenge.

Hapo ndipo mnaponichosha. Mtu anazungumzia mashairi, nyie mnajibu kwa magari. Anazungumzia biti, mnamtajia watazamaji wa YouTube. "Yeye ana mabilioni, wewe una nini?" Nina sikio langu, na pesa za mtu haziingii sikioni mwangu. Kama mfanyabiashara nampa heshima yake yote. Kajenga lebo yake ya Wasafi, kaweka redio na televisheni, kawatoa Harmonize, Rayvanny na Zuchu mpaka wakajulikana nje ya mipaka. Sibishani na hilo hata dakika moja. Ila mimi nikibonyeza wimbo sibonyezi taarifa ya benki.

Halafu kuna wale wa bendera. Hao ndio wabaya kuliko wote. Tuzo zikikaribia unaambiwa piga kura, huyu ni wetu, anaipeperusha nchi. Mwaka 2015 alipochukua tuzo ya MTV kule Ulaya nilifurahi kama Mtanzania na nikampongeza. Lakini tangu lini kufurahia tuzo kumekuwa mkataba wa kupenda kila anachotoa mpaka kufa? Na kama ni bendera, tuiongelee bendera kwa dhati. Amapiano ni ya Gauteng. Ni muziki mzuri wa vijana wa Afrika Kusini, wameutengeneza wenyewe kwenye vitongoji vyao na dunia imewafuata. Sisi tuna singeli, imekulia Manzese na Tandale, mitaa ile ile anayotoka Diamond. Mwaka 2017 ilibidi lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ndiyo itoe mkusanyiko wa madogo wa studio ya Sisso, wazungu wakaanza kuwaita kwenye matamasha yao. Watu wa nje wanakuja kutafuta mdundo wetu uchochoroni, wakati wasanii wetu wakubwa wako bize kukodisha wa jirani. Nikisema hivyo naitwa mimi ndiye msaliti!

Hata "Salome" ya 2016, aliyoirudia kutoka kwa Saida Karoli. Mlicheza, mkachana viatu. Mimi nikarudi kwa Saida Karoli mwenyewe, ile "Maria Salome" ya 2001, Kihaya chenyewe, ngoma zenyewe, sauti inayopanda mpaka unasikia Ziwa Victoria liko karibu. Nikawauliza vijana wawili ofisini kama wanaujua wimbo wa kwanza. Hawakujua kama kuna wa kwanza. Wakacheka, wakaniambia nimezeeka.

Wazee wetu walibishana, tena sana. Mwaka 1978 waimbaji Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka walipotoka bendi ya Juwata wakaenda bendi ya Mlimani Park, mji uligawanyika, na mpaka leo ukikaa na mtu mzima wa Ilala au Kariakoo atakwambia Msondo, yaani Juwata, au Sikinde, yaani Mlimani Park. Lakini msikilize anavyobisha. Atakwambia solo ya fulani ilikuwa inalia, tarumbeta za hawa zilikuwa zinaingia kwa pamoja, utunzi wa wale ulikuwa na mafunzo, yule kibwagizo chake kilikuwa kibovu. Anaweza kuipenda Sikinde na akakutajia nyimbo za Sikinde asizozipenda. Nimekulia kwenye ubishi huo, baba na rafiki zake barazani, redio katikati, na hakuna aliyeambiwa ana roho mbaya kwa kusema wimbo ni mbovu. Walikuwa wanaujua muziki kwa sababu walikuwa wanaukosoa.

Leo kazi hiyo kaachiwa chawa. Chawa anasifia kabla wimbo haujatoka. Mtangazaji anasifia kwa sababu anataka mahojiano kesho. Wasanii wachanga wanaona kwamba hakuna anayehesabu beti, basi na wao hawaandiki beti. Nenda usikilize madogo wanaotoka sasa hivi, wote wanaimba puani, wote sauti imezamishwa kwenye Auto-Tune, wote wanamalizia maneno kwa staili moja. Wamejifunza kwa wakubwa, na wakubwa hakuna aliyewaambia kitu.

Na pa kukimbilia hakuna. Ukipanda daladala ya Mbagala konda kaweka spika nyuma ya siti, ukimpigia fundi simu ni mwito wenye wimbo huo huo, ukienda harusini MC anaingiza bibi harusi nao, ukirudi nyumbani jirani anao kwenye sabufa mpaka saa saba za usiku. Sijawahi kumwambia mtu azime. Nimeomba kitu kimoja tu, nikisema sijaupenda nijibiwe kuhusu wimbo.

Kwa hiyo mnaokuja kutoa povu hapo chini, karibuni, ila mje na muziki. Usiniletee idadi ya views, usiniletee Rolls-Royce, usiniulize mimi nina nyumba ngapi. Chukua wimbo wowote wa Diamond au wa Kiba wa miaka hii mitatu unaoupenda, taja beti moja, nieleze inasema nini na kwa nini imekugusa. Ukinieleza vizuri nitaurudia huo wimbo leo leo na nitarudi hapa kukujibu kwa heshima zote. Anayeanza na "wewe una nini" simjibu.