Chemchemi chini ya uwanda wa Makonde: itatosha watu 1,400?

mkazi_bondeni: Wakuu, kijiji chetu kiko chini ya uwanda wa Makonde, upande wa Mto Lukuledi. Chemchemi tunayoitegemea haikauki. Mwezi wa nne ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 20. Tuko watu 1,400. Tuijengee au tuchimbe kisima?

mpima_mito: Kipimo cha mwezi wa nne hakifai, hiyo ni mvua bado iko ardhini. Pima Oktoba na Novemba, kisha endelea hata mvua zikianza. Mchanga wa huko juu hunywa maji na kuyashusha polepole mpaka yagonge tabaka lisilopitisha. Kwa hiyo chemchemi huweza kuchelewa kupungua na kuchelewa kupanda. (Kwa kuwa maji huzama hivyo, mji wa Newala ulio juu ya uwanda unasukumiwa maji yake kwa pampu kutoka Mitema bondeni.)

Ziba mkondo kwa udongo wa mfinyanzi, pitisha bomba la inchi 2, jaza ndoo mara tano, chukua wastani. Angalia chini ya bomba: kukivuja, kipimo ni uongo. Tuseme kiangazi ndoo inajaa kwa sekunde 50. Hiyo ni lita 0.4 kwa sekunde, yaani 34,560 kwa siku. Toa moja ya tano ya upotevu, gawa kwa lita 25 za kila mtu: watu 1,100 hivi. Hayawatoshi ninyi 1,400.

fundi_chemchemi: Naongezea kwenye ujenzi, maana hapo ndipo wengi huharibu. Bomba la kutokea liwe chini ya jicho la chemchemi. Ukilipandisha ili kupata msukumo, maji yanarudi nyuma na kujitafutia njia nyingine, na chemchemi inahama. Weka kokoto safi nyuma ya ukuta wa kukingia chemchemi, udongo wa mfinyanzi juu yake, na bomba la kumwagia ziada. Tangi nalo ni lazima: kwa lita 0.4, saa 10 za usiku zinaleta lita 14,400.

mkazi_bondeni: Juu ya chemchemi kuna mikorosho, inapigwa dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu).

fundi_chemchemi: Basi chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, zungushia uzio, na mabomba ya kupulizia yasioshwe hapo kabisa. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

mpima_mito: Kibali cha kutumia maji mnaomba Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi iko Mtwara. Nendeni na vipimo vya kiangazi.