Kuna siku hii "mashine ya Smith haiumizi mtu" itatutoa roho jimu

Wakuu, leo nina hasira na asiniambie mtu nitulie.

Jimu ninayofanyia mazoezi ina mashine ya Smith, ile ambayo nondo inapanda na kushuka kwenye reli mbili. Kila mgeni anapelekwa pale siku ya kwanza na kuambiwa "hapa huhitaji mtu wa kukusimamia, mashine inakulinda yenyewe". Inakulinda kwa kitu gani? Inatakiwa iwe na vizuizi viwili vya kuidaka nondo isikufikie. Kimoja kimekwama chini karibu na sakafu, cha pili hakipo kabisa. Nimelalamika mara tatu. Jibu ni lilelile: "Si kuna ndoano?" Yaani zile za kwenye nondo, zinazoshika kwenye matundu ya nguzo ukikunja viganja.

Haya, juzi nimelala kwenye benchi, seti ya mwisho, mikono imekwisha kazi. Nikazungusha viganja ndoano zishike. Kumbe nondo ilikuwa katikati ya tundu na tundu. Ndoano zikagonga nguzo, ngaa! zikateleza. Nondo ikashuka na kunitulia kifuani.

Hapo ndipo nilipoelewa uongo tunaoambiwa. Nondo huru ikikulemea, walau unaibingirisha kuelekea tumboni, au kama hukufunga vibano vya kushikilia sahani za uzito unaiinamisha upande zidondoke. Hii ya reli inajua juu na chini tu. Nimelala natazama dari, napumua nusunusu, mpaka jamaa aliyekuwa akiruka kamba akaitupa na kuja kuninyanyulia. Kama benchi ingesukumwa kidogo tu kuelekea miguuni, nondo ingetua shingoni.

Kocha anakuja ameshika simu: "Kaka, umezidisha uzito." Uzito uleule wa wiki tatu! Na huyuhuyu ndiye anayetuambia tuhesabu nondo ile kuwa kilo 20 wakati ndani ya nguzo kuna vizito vinavyosaidia kuivuta juu, na ikiwa tupu naiinua kama fimbo.

Kinachoniuma ni kwamba kuyazuia haya ni kazi ya dakika moja. Lala na nondo tupu, ishushe, weka vizuizi vyote viwili chini kidogo tu ya kifua kilichojaa pumzi. Ukikwama unatoa pumzi, kifua kinashuka, nondo inabaki juu ya vizuizi, unatoka. Ukichuchumaa, viwe chini kidogo ya pale unapoishia. Halafu jaribu ndoano zinazunguka upande gani kabla ya kuweka hata sahani moja, maana ukitazama upande wa pili wa mashine, upande wa kukunja viganja nao unabadilika. Lakini utaweka vipi vizuizi ambavyo havipo?

Jana nimepita, bado havipo. Kuna dada mgeni amelazwa palepale, sahani zimeshawekwa, na kocha anamwambia asiogope. Nikamwomba ainuke kwanza. Kocha amenuna mpaka sasa, na ujumbe wangu kwa meneja umesomwa, haujajibiwa.