Ukoo wa Kavimvira (watu 19)

*Jumamosi, 24 Januari 2026*

07:12 Yaya Furaha: Wote muamke. Riziki, Mama Neema, nijibuni hapa hapa, si pembeni. Mlihama Portland kwenda Lewiston, humu humu Maine, tarehe 3. Korti ya kesi yenu ya hifadhi inajua adresi mpya?

07:40 Yaya Furaha: Watu 11 mmesoma. Hakuna mwenye kidole?

08:40 Mama Neema: Yaya, adresi tulibadilisha. Neema alijaza kwa simu ile wiki ya kwanza.

08:41 Yaya Furaha: Alijaza ipi?

08:55 Mama Neema: Ile ya uhamiaji.

08:57 Yaya Furaha: Ziko mbili! AR-11 inakwenda USCIS, wale wa kadi za kazi, ndani ya siku 10. Korti ni nyumba nyingine, haisomi ya USCIS. Korti inataka fomu yake ya adresi, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi. Zenu ziliisha tarehe 9. Jazeni leo hivyo hivyo, msiseme tumeshachelewa basi.

08:59 Yaya Furaha: Na si moja ya nyumba nzima. Kila mwenye namba yake ya A, ile ya uhamiaji, anajaza yake. Mko sita, ni fomu sita. Namba ina tarakimu 9, iko juu ya barua ya korti. Nakala moja korti, nyingine kwa wakili wa serikali wa ICE, ile idara ya kufukuza watu. Mkituma kwa posta, risiti msitupe.

09:03 Papa Solange: Hata mapacha wana kesi? Wale wezi wa sukari? Mimi ni shahidi wa serikali 😂

09:03 Kadogo: 😂😂😂

09:04 Yaya Furaha: Papa Solange, tafadhali.

09:20 Riziki: Niko kazini. Tarehe ya korti tunaijua, 11 Machi. Bado kuna muda.

09:21 Yaya Furaha: Uliiona lini kwa macho yako?

09:30 Riziki: Mwezi wa kumi.

09:31 Yaya Furaha: Korti inasogeza tarehe bila kukuuliza. Mama Neema, piga 1-800-898-7180, bonyeza ile namba ya A, sikiliza mpaka mwisho. Ni mashine, haikuulizi uko wapi.

09:58 Mama Neema: Yaya

09:58 Mama Neema: Wanasema 18 Februari, 8:30 asubuhi

09:59 Kadogo: Eeeh Mungu

10:02 Yaya Furaha: Basi barua ilikwenda kwa adresi ya zamani. Bahati, wewe ndiye uko ile nyumba. Bahati?

11:47 Bahati: Barua zao ziko kwa mfuko jikoni. Nilisema waje wachukue. Na wakija, waje na dola 600 zangu za gari.

11:49 Riziki: Lile gari lilikufa giaboksi wiki ya pili. Wewe ulijua.

11:50 Bahati: Nilijua nini? Uliliendesha kama uko njia ya Kamanyola kule Kongo.

11:51 Papa Solange: Hapo kwa Kamanyola amesema kweli 😂

11:52 Yaya Furaha: ACHENI GARI. Mnajua mtu asipofika kortini? Jaji anaandika amri ya kufukuzwa siku ile ile, bila kusikiliza neno moja la yaliyowapata kule Uvira. Kuifungua tena kuna milango miwili. Wa kwanza, jambo zito lilikupata, kama kulazwa hospitali: unaomba ndani ya siku 180. Wa pili, hukupata taarifa: huo hauna kikomo cha siku. Lakini kama ni wewe hukuwapa adresi mpya, mlango wa pili unakufungia mwenyewe. Ndiyo maana napiga kelele tangu asubuhi.

12:30 Mzee Byamungu: 🎤 *ujumbe wa sauti, 1:46*

12:34 Kadogo: Naandika kwa wasio na bando. Mzee anasema: "Huku kambini Nyarugusu nimeona watu wakipoteza miaka kwa karatasi moja. Bahati, barua ya mtu haiwekwi rehani. Zipeleke leo kabla ya giza. Riziki, habari ya gari utaniambia mimi, na utaniambia ukweli. Nimemaliza."

12:51 Bahati: Ndiyo, Mzee.

13:15 Riziki: Ndiyo, Mzee. Aksanti.

14:02 Yaya Furaha: Aksanti Mzee. Sasa ushahidi. Unaingia korti siku 30 kabla ya kusikilizwa, isipokuwa jaji alipanga siku nyingine. Kwa 18 Februari, hiyo ilikuwa tarehe 20, maana 19 ilikuwa sikukuu ya serikali. Imepita. Jumatatu asubuhi mpigieni wakili wenu, aombe jaji apokee vilivyochelewa, na barua mpya iwe sababu. Msiende kumwona mikono mitupu. Zile attestation (vyeti) za Kifaransa, kila moja iwe na tafsiri ya Kiingereza, na chini mfasiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, aweke jina, adresi na sahihi. Bila hiyo, karatasi nzuri inakuwa karatasi tu.

14:06 Yaya Furaha: Tena mkalimani. Korti inamleta bure, lakini anaweza kuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili chake si chetu. Ukisema "walikuja saa mbili usiku" akageuza neno kwa neno, Kiingereza kinatoka 2 a.m., yaani saa nane za usiku, na fomu yenu imeandika 8 p.m. Wakili wa serikali anaishi kwa tofauti kama hizo. Semeni "jua lilikuwa limezama", "kabla ya chakula". Usipomwelewa, mwambie jaji pale pale. Usiitikie kwa adabu.

14:20 Tantine Zawadi: Esperance si anatimiza miaka 21 mwezi wa tano? Hatatolewa kwa kesi?

14:24 Yaya Furaha: Hapana. Umri wake ulisimama siku I-589, fomu ya kuomba hifadhi, ilipopokelewa. Lakini asiolewe mpaka jaji aamue. Akiolewa anatoka kwa kesi ya baba yake.

14:25 Papa Solange: Jamani kuna kijana ameshanunua suti 😂😂

14:25 Kadogo: Auze suti

14:27 Esperance: Mimi niko kwa hiki kikundi, mnajua?

14:29 Papa Solange: 🙈

14:31 Yaya Furaha: Mama Neema, kadi yako ya kazi inaisha lini?

15:40 Mama Neema: 30 Juni.

15:42 Yaya Furaha: Dirisha la kuomba mpya, siku 180 kabla haijaisha, limeshafunguka. Omba sasa. Zamani ukishaomba, kadi ya zamani ilirefuka yenyewe. Kwa wanaoomba tangu 30 Oktoba 2025 hiyo imekwisha: kadi ikifa kabla mpya haijafika, unakaa nyumbani bila mshahara.

15:44 Yaya Furaha: La mwisho, safari. Mpaka Massachusetts na theluji, muondoke saa kumi za usiku. Wote sita, watoto pia, isipokuwa jaji ameandika hawahitajiki. Gari dogo halitoshi. Nani ana van?

15:44 Yaya Furaha: Nauliza kwa adabu. Nani ana van.

18:10 Yaya Furaha: Watu 16 mmesoma.

20:52 Bahati: 📷 Nimeacha mfuko kwa mlango wenu. Niligonga.

21:15 Mama Neema: Tulikuwa kwa maombi. Aksanti shemeji. Barua ziko tano. Ya Neema haimo.

21:17 Yaya Furaha: Bahati, tazama tena jikoni. Na ile van?

21:40 Riziki: Tutapanda basi.

21:41 Yaya Furaha: Basi gani linawafikisha watu sita saa mbili na nusu asubuhi?

22:26 Bahati: Jikoni haipo. Nitaangalia kwa gari.

22:26 Bahati: Van nitaangalia zamu yangu ya kazi kwanza.