Gumzo la familia: barua ya kuacha kazi

Jumapili jioni

Binti: Shikamooni wazazi wangu wote. Nimeona nililete jambo hili hapa badala ya kumweleza kila mmoja peke yake, kwa kuwa nyote mmenishika mkono tangu nilipoanza chuo. Mhadhiri wetu wa takwimu amenichagua niwe msaidizi katika mradi wake wa utafiti. Kazi yenyewe ni kupokea madodoso yaliyojazwa, kuyaingiza kwenye kompyuta, kukagua majibu yanayopingana na kuandaa majedwali. Ni saa 14 kwa wiki, ndani ya chuo, na nitazipanga kufuatana na vipindi vyangu. Ninataka kuacha kazi ya mgahawani, lakini sijamwambia meneja wala sijatia saini popote.

Mama: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Hata hivyo, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgahawani umekaa mwaka mmoja na nusu, mshahara haujawahi kuchelewa, na ndio uliotulipia sehemu ya ada muhula uliopita wakati mimi sikuwa na kitu. Huo mradi ukimalizika utashika wapi?

Shangazi: Marahaba. Wifi, hofu yako ina msingi, na mimi sitaki aruke bila kutazama anapotua. Lakini tumwulize kwanza kazi ya sasa inamla kiasi gani, maana mshahara tunauona ukiingia, ila kinachotoka kwake hatukioni.

Binti: Shangazi, nitaeleza wiki iliyopita tu. Ratiba ya zamu hubandikwa Jumapili usiku karibu na mlango wa jikoni, lakini kabla wiki haijaisha huwa imebadilishwa mara mbili au tatu kwa ujumbe wa simu. Jumatano niliwekwa zamu ya kufunga. Mteja wa mwisho aliondoka saa nne na nusu usiku, nasi tukabaki kufuta meza, kupandisha viti juu ya meza, kupiga deki, na kusubiri hesabu ya droo ya fedha ilingane na risiti. Nilifika nyumbani saa sita na nusu usiku, na kipindi cha takwimu kilianza saa mbili asubuhi. Nilipofungua daftari nilikuta ukurasa wa fomula una duara la maji, kwa sababu nilikuwa nimelisomea stoo wakati wa mapumziko na mwenzangu akaegesha juu yake trei yenye glasi zilizotoka kuoshwa. Wino ulikuwa umetawanyika katikati ya fomula. Nilijaribu kuijaza ile sehemu iliyofutika nikashindwa, na mwandiko ni wangu mwenyewe wa siku 2 kabla. Hilo ndilo lililonishtua kuliko uchovu.

Mama: Siku za zamu ya kufunga, simu huwa naiweka chini ya mto mpaka uniandikie kwamba umefika. Sikupata kukuambia.

Kaka: Mdogo wangu, pole sana. Sasa tupige hesabu, kwa sababu Mama ameuliza swali linalohitaji jibu la tarakimu. Mgahawani unafanya saa 28 kwa wiki. Umeniambia kwamba mradi unalipa kwa saa mara moja na nusu ya kile unachopata sasa. Saa 14 kwa malipo hayo ni sawa na saa 21 za mgahawani, kwa hiyo mapato yako yatapungua kwa robo, na hapo bahshishi hatujaihesabu. Upande wa pili, utaokoa nauli ya siku 5, utarudishiwa saa 14 za kazi na saa moja ya safari kwa kila siku ya zamu, jumla saa 19 kwa wiki. Mimi sina shaka na hizo saa 19. Nina shaka na ile robo.

Binti: Kaka, hesabu yako ni sahihi, na ile robo imeninyima usingizi. Nauli itafidia karibu nusu ya pengo. Bahshishi nimeiandika kila siku kwa miezi 3: zipo wiki inafikia malipo ya zamu nzima, na zipo wiki haifiki hata nauli ya siku moja, kwa hiyo siwezi kuitegemea kwa ada. Nusu ya ada ya muhula ujao nimeshalipa, na akiba niliyonayo inatosha kufunika pengo lililobaki kwa miezi 7, nisipoigusa kwa jambo jingine. Mhadhiri amesema kwamba wakati wa likizo ndefu ninaweza kufanya hadi saa 30 kwa wiki.

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Nimesoma yote kwa utulivu. Neno «amesema» ndilo lililonisimamisha. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kazini kwangu kwa miaka 11, na wengi waliokuja kwangu wakiwa wamepoteza kazi mbili kwa mpigo ni wale walioacha ya kwanza kwa kutegemea maneno ya mdomo kuhusu ya pili. Simshuku mhadhiri wako. Huenda akawa na nia njema kabisa, kisha fedha za mradi zikacheleweshwa na wafadhili, naye asiwe na la kufanya. Kwa hiyo usimdokezee meneja wala mfanyakazi mwenzako jambo hili mpaka uwe na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, unaoonyesha tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, malipo kwa saa, siku ya kulipwa, na hizo saa za likizo. Uliza pia nani analipa, chuo au mradi, kwa sababu hapo ndipo utajua mlango wa kubisha malipo yakichelewa.

Mama: Kaka yangu, nashukuru. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, nikakosa namna ya kulisema.

Jumatano usiku

Binti: Mkataba umetoka na nimeusaini leo mchana. Unalipwa na ofisi ya fedha ya chuo, ni wa miezi 9, mwezi wa kwanza ni wa matazamio, na saa za likizo zimeandikwa kama mhadhiri alivyosema. Mama, swali lako la siku ya kwanza nimelibeba mpaka kwake. Hakuniahidi kazi baada ya miezi 9, lakini alinionyesha kwamba mwisho wa mradi nitakuwa nimesafisha na kuchambua takwimu halisi tangu dodoso la kwanza mpaka jedwali la mwisho, na hiyo ndiyo kazi ninayosomea.

Mama: Nimeelewa. Kwa miaka yote uliyosoma hujawahi kunieleza masomo yako nikayaona kama nilivyoyaona katika ujumbe huu. Andika barua yako.

Binti: Asante sana, Mama. Nimeandika rasimu. Nimetaja zamu zinazobadilishwa bila taarifa, kukatwa mshahara kwa glasi ambayo sikuivunja mimi, na siku ile niliyonyimwa ruhusa ya kwenda kufanya mtihani wa majaribio.

Mjomba: Yote hayo ni kweli, nami yananiuma, ila yaondoe kwenye barua. Barua ya kuacha kazi inabaki katika faili miaka mingi, na kazi yake ni moja: kuthibitisha kwamba ulitoa taarifa, tarehe ipi, na unadai nini. Suala la glasi liandikie barua ya peke yake yenye tarehe na kiasi kilichokatwa, uambatishe hati ya mshahara ya mwezi huo. Mwajiri hakati mshahara kwa kadiri anavyotaka, Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato yafanywe kwa masharti yaliyowekwa na sheria au makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, na unataka mfanyakazi anayeondoka amaliziwe malipo yake yote. Na zile siku za likizo ulizozichuma bila kuzitumia zina fidia yake chini ya Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970. Mikataba hii huzibana nchi zilizoiridhia, kwa hiyo kabla ya kunukuu chochote mbele ya meneja, soma sheria ya kazi ya nchi na mkataba wako wenyewe. Unatakiwa kutoa taarifa ya muda gani?

Binti: Wiki 2, kwa maandishi. Mjomba, na bahshishi je? Meneja hupenda kutuambia kwamba mshahara wetu ni mdogo kwa sababu wateja wanatuongezea.

Mjomba: Upo Mkataba Na. 172 wa mwaka 1991, unaohusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa hasa. Unaeleza kuwa bahshishi ni fedha ambayo mteja humpa mfanyakazi kwa hiari yake, na kwamba mfanyakazi anastahili malipo ya msingi kwa vipindi vya kawaida, iwepo bahshishi au isiwepo. Wewe unaondoka, lakini waeleze wenzako wanaobaki.

Shangazi: Niongeze langu. Nikiwa na umri wako niliuza dukani huku nikisomea ukatibu. Siku moja msimamizi alinifokea mbele ya wateja, nami nikavua fulana ya kazi, nikaiweka juu ya kaunta na kutoka. Nilijisikia mkubwa siku ile. Miaka 3 baadaye ofisi moja ilitaka barua ya uthibitisho wa uzoefu, nikarudi palepale, nikakuta msimamizi yuleyule. Aliniambia kwamba hana kumbukumbu yangu. Mwaka mzima na miezi minne ya kusimama kwa miguu yangu, haipo popote katika maandishi. Mwanangu, sare uirudishe ikiwa imefuliwa, upewe hati ya kuipokea, na cheti cha utumishi ukidai ukiwa bado uko ndani.

Kaka: Nimekupunguzia rasimu kama Mjomba alivyoelekeza: «Kwa barua hii ninatoa taarifa ya wiki 2 ya kuacha kazi ya uhudumu, kwa mujibu wa mkataba wangu wa ajira. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa ya wiki ya pili tangu tarehe ya barua hii. Ninaomba kulipwa mshahara wa siku nilizofanya kazi na fidia ya siku za likizo ambazo sikuzitumia, pamoja na kupewa cheti cha utumishi. Nitarudisha sare na ufunguo wa kabati siku hiyo.» Jaza tarehe kamili, chapisha nakala mbili, moja isainiwe na aliyeipokea, ubaki nayo.

Ijumaa usiku

Binti: Nimeikabidhi leo kabla ya zamu. Meneja aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniita ofisini na kusema kwamba nikibaki atanifanya msimamizi wa zamu kuanzia mwezi ujao. Nakiri kwamba moyo uliyumba kidogo. Nilimuuliza kama usimamizi huo ungepunguza zamu za kufunga, akajibu kwamba msimamizi ndiye anayefunga kila mara, kwa kuwa ndiye anayeshika funguo. Nilimshukuru kwa kuniona ninafaa, nikamwomba asaini nakala yangu. Amesaini. Nimemwahidi pia kumfundisha mhudumu mpya katika wiki hizi 2, ili wenzangu wasielemewe na meza zangu.

Mjomba: Hapo umefanya vizuri sana. Piga picha nakala iliyosainiwa uitume hapa, na hati za mshahara za miezi yote ziweke pamoja kabla ya siku ya mwisho, maana ukishaondoka kuzipata ni shida.

Kaka: Na akiba ile, mdogo wangu, iandikie mpango wa mwezi kwa mwezi. Nitaupitia Jumapili.

Binti: Nitautuma kesho, Kaka. Mitihani inaanza baada ya wiki 7, kwa hiyo nitakuwa na wiki 5 kamili za kusoma usiku nikiwa macho. Mama, bado nina zamu 3 za kufunga: Jumanne ijayo, Alhamisi ijayo, na Jumatano ya wiki ya mwisho.

Mama: Nimeziandika kwenye kalenda. Simu itakaa chini ya mto siku hizo 3, na baada ya hapo nitalala saa nne.