Siku moja tu ya ndege wa misitu ya Kilifi: Arabuko-Sokoke, Dakatcha au Gede?

Mwalimu_Changamwe

Salaam wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijalipia gari. Baba yangu ametimiza miaka 71, na ndiye aliyenizoesha tangu utotoni kusimama njiani nikisikia ndege. Nilipomuuliza anataka zawadi gani, alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono yenye ndege wanne wa Kilifi ambao amewasoma vitabuni miaka mingi bila kuwaona: bundi wa Sokoke, chozi wa Amani, kwera wa Kilifi, na yule ndege wa kutembea chini anayeitwa Anthus sokokensis. Majina ya Kiswahili hubadilika kila kijiji, kwa hiyo niongeze kwamba bundi namaanisha Otus ireneae, chozi ni Hedydipna pallidigaster, kwera ni Ploceus golandi.

Nina Jumamosi moja tu, mwisho wa Agosti. Tutatoka Mombasa Ijumaa, tulale Watamu au Malindi. Goti lake la kulia linamsumbua. Anatembea vizuri penye tambarare, lakini si mwendo mrefu.

Nimeshauriwa mambo matatu tofauti. Wa kwanza kaniambia tushinde Arabuko-Sokoke kutwa nzima. Wa pili kasema twende Dakatcha kupitia Marafa kwa sababu kwera yuko huko. Wa tatu kasema asubuhi magofu ya Gede, jioni hori la Mida, baba asichoke. Ninyi mngefanyaje?

Mrihi_na_Mfunda

Mwalimu, mfikishie mzee shikamoo zangu. Mimi nimezaliwa upande wa Jilore, na msitu huu naujua kwa miguu.

Ukichagua mahali kwa jina utapotea. Chagua kwa mti. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, lakini ndani yake mna misitu mitatu. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, ni msitu mchanganyiko wenye mbambakofi na msandarusi, mzito na wenye kivuli. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe, na hapo mti mkuu ni mrihi. Mirihi imeachana, jua linafika chini, unaona mbali. Ukivuka kwenda magharibi mchanga unageuka kuwa udongo mwekundu, na hapo umeingia kwenye mfunda: vichaka vilivyosongamana, vya urefu wa nyumba, ambavyo mtu mzima hupita kwa kuinama.

Sasa chukua karatasi ya mzee uipange juu ya miti hiyo. Chozi wa Amani anakula juu kabisa kwenye vilele vya mrihi. Kwera wa Kilifi akiwa msituni, naye ni wa mrihi, hupita na kundi. Anthus sokokensis yuko chini kwenye majani makavu, mrihini na kwenye msitu mchanganyiko. Bundi ni wa mfunda. Ndege watatu wako mchanga mweupe, mmoja yuko udongo mwekundu, na kutoka huku hadi huku ni mwendo mfupi wa gari. Ndiyo maana kwa siku moja mimi nasema Sokoke.

Darubini_Kongwe

Naheshimu maneno ya ndugu hapo juu, lakini goti la mzee tunaliweka wapi? Mimi ningeanzia Gede. Njia ni tambarare, kuna miti mikubwa, na Agosti bado kuna uwezekano wa kumwona mkesha mwenye madoa, Geokichla guttata, anayekuja pwani kutoka kusini kati ya Aprili na Oktoba. Hupekua majani chini ya kuta za kale. Utamsikia akipekua kabla ya kumwona. Sange wa kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, naye hupita hapo mbele ya macho yako. Na mahali penyewe pana hadhi yake: mji wa mawe ya matumbawe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Jioni mnashuka Mida. Maji yakianza kujaa, ndege wa pwani husogezwa karibu na mikoko, na Dromas ardeola, yule ndege mla kaa, huonekana kwa makundi. Mzee anakaa kitako anaangalia.

Mrihi_na_Mfunda

Mzee wangu Darubini, Gede naipenda na mkesha ni ndege wa kumtembelea kwa makusudi. Lakini hayumo kwenye karatasi. Kati ya wale wanne, hakuna hata mmoja ambaye ningeweka ahadi kwamba atamwona Gede. Na Mida ni maji na tope, mtu aliyeomba ndege wa msituni tukampeleka ufuoni tutakuwa tumempa zawadi ya mtu mwingine.

Goti nalifikiria pia. Mrihini ardhi ni tambarare kama Gede. Shida iko kwa bundi peke yake, nitaieleza hapa chini.

Binti_Marafa

Habari za humu. Naona Dakatcha inarukwa, niitetee kwanza halafu niseme ukweli.

Kwera huyu haishi popote duniani ila Kilifi. Wanasayansi walimpa jina 1913, lakini kiota chake hakikujulikana kwao hadi 2013, walipokikuta huku kwetu Dakatcha, kwenye bwawa la msimu lililoota majani marefu. Miaka mia moja! Misitu yetu ya mrihi haina ulinzi kama wa Sokoke. Inategemea wanavijiji wanaokataa mkaa na wanaobishana na wenye mashamba ya mananasi, na mgeni anayekuja kwa ajili ya ndege anawapa watu hawa hoja ya kusimamia. Kwa hiyo kila anayeuliza humu namwomba aje.

Ukweli ni huu: kwera hukaa bwawani wakati wa kuzaa tu, mvua ikiwa imelijaza. Mwisho wa Agosti mtapata mrihi na chozi kwa bahati, lakini bwawa litakuwa kavu au karibu na kukauka, na kutoka Malindi hadi Marafa ni zaidi ya saa moja, kisha njia za ndani ni mbovu. Siku moja, goti bovu, Agosti: Mwalimu, safari hii usije. Njoo mwaka wenye mvua nzuri, kwa siku mbili.

Kisarawe_Tz

Shikamooni wakubwa. Nipo Tanzania, naongeza kidogo tu. Bundi huyo hata kwetu yupo, misitu ya chini ya Usambara Mashariki upande wa Tanga, na chozi ndiyo jina lake limetoka Amani. Mtu akiwa na wiki nzima angeweza kuvuka Lungalunga. Ila wanne kwa mkupuo mmoja, Kilifi hamna mpinzani.

Mwalimu_Changamwe

Asanteni sana, hasa Binti_Marafa kwa kunizuia badala ya kunivutia. Nimeamua Sokoke. Maswali: bundi anaonekanaje mchana? Gari dogo linatosha? Na mwenzangu kazini amenipa sauti ya bundi kwenye simu, kwamba nikiicheza atakuja mwenyewe.

Mrihi_na_Mfunda

Naanza na la simu: ifute. Bundi huyu ni mdogo, kama sentimita 16 tu, na eneo lake analilinda kwa sauti. Ukimchezea mlio anadhani ameingiliwa, anaacha mahali pake pa kulala, na wakati mwingine anajianika mbele ya kipanga. Kila kikundi kikifanya hivyo kwenye kichaka kilekile, msimu ukiisha kichaka kitakuwa kitupu. Flashi ya kamera vivyo hivyo.

Njia sahihi ni ya polepole. Waongozaji wa Gede hutafuta bundi walikolala, siku moja kabla au alfajiri. Hulala wawiliwawili, mara nyingi wamegusana mabega, kwenye tawi la ndani la mfunda, chini kiasi kwamba unamtazama usawa wa kichwa. Wengine ni wa kijivu, wengine wekundu kama udongo wenyewe. Mwongozaji akishawapata, mnafika kwa gari hadi karibu, kisha mnatembea hatua chache vichakani. Hizo hatua ndizo za mzee: mizizi, miiba, kuinama. Mpeni fimbo, mtu mmoja mbele, mmoja nyuma, na mwongozaji aambiwe habari ya goti kwa simu kabla, ili achague bundi walio karibu na njia hata kama wengine wanaonekana vizuri zaidi.

Gari: mchanga mweupe ukiwa mkavu hushika magurudumu, na udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Nimesukuma Probox za watu mara nyingi. Kodini gari la juu.

Saa ninazozipendekeza: muwe kituo cha msitu cha Gede kabla ya saa 12 asubuhi. Ingieni mrihini jua likichomoza. Msitembeetembee, simameni mahali peupe msikilize kundi. Ndege wa hapa hutafuta chakula pamoja, aina kumi na zaidi kwa wakati mmoja, na kundi hupita juu yenu kama dakika tano, kisha kimya cha nusu saa. Chozi dume ana kichwa kinachong'aa kijani iliyoiva na tumbo jeupe, na shingo itamuuma mzee kabla ya goti, kwa hiyo bebeni kiti cha kukunja chenye mgongo. Kuanzia saa 4 joto likipanda, mrihi hunyamaza. Hapo ndipo mnaenda kwa bundi, maana yeye amelala, hana haraka. Jioni rudini mrihini kwa kwera kama asubuhi mlimkosa.

Na msiingie bila mwongozaji. Tembo wapo, na vichakani humwoni hadi umemkaribia.

Darubini_Kongwe

La kiti nimelipenda. Kama bado mna nguvu mchana, pumzikeni Gede kivulini saa 7 hadi saa 9. Mkesha akitokea ni baraka juu ya baraka.

Mwalimu_Changamwe

Nimerudi kutoa habari, maana huwa inaudhi mtu kushauriwa akapotea.

Tulifika saa 11 na nusu, bado giza. Kundi la kwanza lilikuja saa 1 kasoro. Mwongozaji alimweka baba kwenye kiti, akainua mkono tu bila kusema neno. Chozi alikuwa wa tatu kuonekana, akabaki kwenye kilele kimoja hadi baba akasema "basi, nimemwona, mwoneni na ninyi." Anthus sokokensis tulimshtua wenyewe njiani: aliruka, akatua kwenye tawi la chini, akatulia akitutazama.

Mfundani baba alichukua muda mrefu sana kwa hatua ambazo mimi ningezimaliza kwa dakika mbili. Nilitaka kumwambia turudi. Kisha mwongozaji akasimama, akaonyesha kwa kidevu. Wawili, mmoja wa kijivu na mmoja mwekundu, macho yamefumbwa nusu. Baba hakuinua darubini. Aliwatazama kwa macho yake, kama mita nne, mpaka mwongozaji alipotugusa bega kwamba tuwaache.

Kwera hatukumpata, asubuhi wala jioni. Mkesha pia hakutokea, ila sange wawili walipita Gede wakikimbizana. Usiku goti lilivimba, tukalikanda kwa maji ya moto. Baba ameiweka karatasi yake ndani ya kitabu, majina matatu yana alama. Ameniuliza Marafa ni mwendo gani.

Binti_Marafa

Mwambie mzee namsubiri. Hapa nyumbani hadi bwawani ni jirani, na njia ya kufika ukingoni ni tambarare. Mvua zikijaza maji na majani yakisimama, nitakuandikia siku hiyohiyo.