Mwanangu anamwiga mwizi wa kwenye katuni. Nimwache aendelee kuziangalia?

Mama Zu:
Salaam wakuu. Nina mtoto wa kiume, miaka tisa. Likizo hii aliangalia na baba yake Ngome ya Cagliostro, ile katuni ya Kijapani ya mwaka 1979 ya mwizi anayeitwa Lupin wa Tatu. Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Anaandika vikadi na kuvibandika mlangoni: "Leo saa mbili usiku nitaichukua rimoti. Lupin." Na saa mbili ikifika rimoti haionekani, hata kama umeikalia. Baba yake anacheka mpaka machozi. Sisemi uongo, hata mimi siku ya miwani ya bibi yake nilicheka.

Sasa mwalimu wake kaniita. Kalamu ya mwenzake ilipotea darasani, kikaachwa kikadi juu ya dawati. Aliirudisha siku hiyohiyo, ila mwenye kalamu alikuwa keshalia. Mume wangu anasema ni mchezo tu. Mimi najiuliza, mtoto akionyeshwa mwizi mcheshi, mwenye huruma, anayependwa na kila mtu, halafu polisi ndiye wa kuchekwa, anabaki na nini kichwani? Na ameshaomba tumtafutie nyingine za Lupin. Walioziona naomba ushauri.

Jongoo Treni:
Mkatalie. Mwizi ni mwizi hata akivaa koti zuri. Leo kalamu, kesho pochi yako.

Kwa Mbali:
Jongoo, basi na hadithi za Sungura tuzifute zote. Sungura kaiba, kadanganya, kawapandisha wenzake mtini na kuwaacha hukohuko, na sisi tuliosimuliwa hatukuwa majambazi.

Jongoo Treni:
Semea nafsi yako.

Mchora Vikaragosi:
Mama Zu, filamu hiyo naijua vizuri, ngoja niseme kwa kirefu kidogo.

Kumbuka inavyoanza. Lupin na mwizi mwenzake Jigen wametoka kuiba kasino, gari limejaa noti mpaka hawaonani. Lupin anaishika moja, anagundua ni bandia, na zote zinamwagwa barabarani. Wizi mkubwa kuliko wote katika filamu nzima umekwisha ndani ya dakika chache, na faida yake ni sifuri. Kuanzia hapo hadithi si ya kuiba tena. Anakwenda kwenye kinchi ambako noti hizo zinachapwa, anamkuta Kaunti, bwana mkubwa wa hapo, anayetaka kumuoa kwa nguvu Clarisse, binti wa ukoo wa watawala, ili azikutanishe pete mbili za ukoo na kuipata hazina. Mwizi wa kweli ni huyo Kaunti: ana kasri, ana jeshi, na wakubwa wa dunia wananyamaza kwa sababu noti zake zinawafaa.

Halafu muulize kijana wako swali moja: mwishoni Lupin anaondoka na nini? Hazina yenyewe ni mji wa Warumi uliokuwa chini ya ziwa, hauingii mfukoni. Clarisse anataka kumfuata, anamkatalia na kumbusu kwenye paji la uso. Anaondoka mikono mitupu. Aliyepata kitu ni Fujiko, mwizi mwingine wa kike, aliyebeba mabamba ya kuchapia noti bandia (huyo mama ndiye ningemwekea kufuli).

Kuhusu kalamu, sidhani kosa ni la katuni. Kadi ya Lupin inampa anayeibiwa taarifa mapema ili ajilinde. Mwanao nyumbani anafanya hivyohivyo, ndiyo maana mnacheka. Darasani kaacha kadi baada ya kuchukua. Mwenzake hakuambiwa kwamba yumo mchezoni. Mweleze hapo hapo, ataelewa haraka kuliko ukimhubiria kwamba wizi ni dhambi, maana hilo analijua.

Askari Mstaafu:
Niongeze la polisi. Inspekta Zenigata anachekesha, sawa, lakini mtazame vizuri. Anaviona viwanda vya noti kwa macho yake, anapeleka taarifa Interpol (polisi wa kimataifa), wakubwa wanamzima. Anachofanya ni kujidai anamkimbiza Lupin huku kamera za televisheni zikimfuata, mpaka "kwa bahati" anaangukia kwenye mitambo ya noti, dunia nzima ikiangalia. Kujifanya kwake kushangaa ndipo panaponichekesha kuliko pote. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, wa namna yake ni wachache.

Mama Zu:
Asanteni sana. Hilo la kadi kuja kabla au baada sikuliona kabisa. Na hizo nyingine? Maana nimeona ziko nyingi ajabu.

Mchora Vikaragosi:
Hapo ndipo uwe mkali. Lupin wa filamu ile amelainishwa na Hayao Miyazaki, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Lupin wa asili ni wa manga (hadithi za picha za Kijapani) ya mchoraji Monkey Punch, iliyoanza 1967 kwenye jarida la watu wazima, na yule ni mhuni hasa: anaua, na wanawake hawana raha naye. Mfululizo wa kwanza wa televisheni wa 1971 nao ulianza kikubwa, ukalainika njiani Miyazaki na mwongozaji mwenzake Takahata walipoushika. Wa koti jekundu ulioanza 1977 una vipindi 155, vingi ni vichekesho, ila tangulia wewe kuvionja. Wa 2012 unaomhusu Fujiko usimwonyeshe kabisa, ni wa wakubwa. Salama ni filamu ya 2019 iliyotengenezwa kwa kompyuta, Lupin III: The First.

Na katika zote hizo jiandae kwa sigara. Lupin na Jigen wanavuta kama wamelipwa.

Bibi Kitabu:
Akifikisha umri wa kusoma riwaya mpeleke kwa babu. Huyu ni mjukuu wa Arsène Lupin, mwizi muungwana wa Mfaransa Maurice Leblanc, aliyetokea mara ya kwanza 1905. Kule kuna akili nyingi na kujibadilisha sura.

Jongoo Treni:
Bado nasema mkatalie. Ila hiyo ya 2019 inapatikana wapi?

Mama Zu:
Nimeongea naye. Kamwandikia mwenzake barua ya kuomba radhi, na tumekubaliana vikadi ni vya ndani ya nyumba, saa iandikwe, na kitu kirudi kabla ya kulala. Jumamosi tunaangalia ya 2019 wote watatu. Baba yake kapewa kadi leo asubuhi: saa tatu usiku, kiti chake. Sijui atakibeba vipi.