Mahakama ya The Hague imewasaidia nini wanawake wa ukanda wetu wa ziwa?

MwanaUjiji (mleta mada): Wakuu, tujadili bila jazba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague, mwaka 2002, na Kongo hapo ng'ambo mwaka huohuo. Humo ubakaji na utumwa wa ngono vimetajwa wazi kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sasa mama aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi, Kongo, akaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, The Hague imemfaa nini? Mimi naona maonyesho tu. Lubanga, mbabe wa vita wa Kongo na mtu wa kwanza kutiwa hatiani pale, 2012, hakusomewa hata shtaka moja la ubakaji.

Dagaa_wa_Kibirizi: Naunga mkono hoja. Bemba, kiongozi wa waasi wa Kongo, walimpiga miaka 18 kwa waliyoyafanya askari wake Afrika ya Kati, akina mama wakapiga vigelegele. Haya, yuko jela gani leo?

Binti_Katubuka: Hayuko jela. Rufaa ilimwachia 2018, na 2023 akapewa uwaziri wa ulinzi Kinshasa. Linauma, sibishi. Ila kaka, mbona Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, umemruka? 2019, miaka 30, na rufaa yake ikagonga mwamba. Alitiwa hatiani mpaka kwa mabinti waliobakwa ndani ya kundi lake mwenyewe, watoto aliowafanya askari. Mawakili wake walibisha sana kwamba sheria za vita haziwahusu watu wa upande wako. Majaji wakakataa.

Isevya_Mjini: Mtu wa Tabora nachungulia tu. Hayo si yalianzia Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda? Yule meya wa Rwanda, kesi ya 1996 kama sikosei.

Binti_Katubuka: Hukumu ni ya tarehe 2 Septemba 1998. Akayesu, meya wa Taba. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikugusa ubakaji kabisa! Mama mmoja kizimbani alikuwa anaeleza mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Kesi ikaahirishwa, uchunguzi ukafanyika, mashtaka yakaongezwa 1997. Majaji walikuwa watatu, mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Ndipo mahakama ya kimataifa ikasema kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Yule mama angenyamaza siku ile, tungekuwa tunajadili nini hapa?

Mkulima_Kasulu: Mbona hamumtaji Nyiramasuhuko? Aliyekuwa waziri wa familia na wanawake kule Rwanda, mwanamke mwenzenu, kafungwa maisha kwa mambo hayohayo ya ubakaji. Kila siku lawama kwa wanaume. Na niseme ukweli: hao wa kambini mnaowalilia wanaishi vizuri kuliko sisi wenyeji. Unga bure, mafuta bure, dawa bure, na bado wanaingia mashambani kwetu kukata kuni.

Binti_Katubuka: Maisha ilikuwa 2011. Rufaa ikashusha mpaka miaka 47, mwaka 2015. Na hakuna aliyesema mwanamke hawezi kuwa mhalifu.

MamaMawese: Subirini kwanza. Wewe Mkulima, unajua wanayokutana nayo hao akina mama wakifuata kuni? Mgawo unapunguzwa kila mara, wewe unaongelea unga wa bure! Njoo ukae huko mwezi mmoja na huo unga wako.

Mkulima_Kasulu: Nimesema wanakata miti yangu. Sijasema wabakwe. Usinilishe maneno.

Dagaa_wa_Kibirizi: Miti yako au ya msitu wa hifadhi? 😂

Mkulima_Kasulu: Ya kwangu, nimeipanda kwa mikono yangu. Njoo uone.

Isevya_Mjini: Sisi Ulyankulu tumekaa na Warundi tangu 1972, wengi wamepewa uraia, na kuni hazijaisha.

Mkulima_Kasulu: Watu wa Tabora mmefyeka miombo kukaushia tumbaku, leo mnatufundisha habari za kuni? Ukaangalie Urambo kulivyobaki.

Isevya_Mjini: Tumbaku inasomesha watoto. Wewe miti yako inamsomesha nani?

MwanaUjiji: Wakuu, mada ni The Hague. Naomba turudi.

Mkulima_Kasulu: Anayepoteza miti ni mimi, siyo The Hague.

MamaMawese: Basi nijibuni mimi. Binti akibakwa huko kwenye kuni, awe mkimbizi au mwenyeji, kesi inaenda wapi? Inaishia kwa wazee. Mbuzi anatolewa, yamekwisha. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ni ya 1998, mwaka uleule wa hukumu ya Akayesu. Ubakaji si chini ya miaka 30. Na bado mbuzi.

Mkulima_Kasulu: Miaka 30 ya mtu jela inamlisha nani? Mbuzi angalau familia imeshika kitu.

Binti_Katubuka: Familia ipi? Aliyeshika kamba ya mbuzi ni baba. Binti hata hakuulizwa.

Dagaa_wa_Kibirizi: Kumbe The Hague nao wana mbuzi wao! Kesi ya Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, 2024, majaji waliamuru euro 750 kwa kila mwathirika, jumla inapita milioni 52. Mshtakiwa hana kitu, kwa hiyo mfuko wa waathirika utembeze bakuli kwa wafadhili. Mleta mada, hapo una hoja.

Binti_Katubuka: Tofauti ni kwamba Ongwen kwanza kafungwa miaka 25. Ndani yake kuna ndoa za kulazimishwa, na mimba za kulazimishwa, shtaka ambalo mahakama hiyo haikuwahi kumtia mtu hatiani kabla yake. Euro 750 ni za juu ya kifungo. Mtoa mbuzi wenu jioni yuko kilabuni anakunywa na mwenyekiti.

Mkulima_Kasulu: Msimchafue mwenyekiti wetu. Sijawahi kumwona akipokea mbuzi, huwa anapokea kuku.

MamaMawese: Kuku wa kesi gani, Mkulima?

Isevya_Mjini: 😂😂 Jibu hilo kwanza, miti baadaye.